Misumari Kinywani mwa Papa

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita, 2024

Imefika. Agrafezi ya hewa, mashine ya kupigia pini. Zuberi mwenye boti ameileta mwenyewe mpaka mlangoni, imefungwa ndani ya kanga ya mkewe ili maji ya ziwa yasiiguse. Kompresa ilitangulia mwezi uliopita, ikakaa kona kama mgeni ambaye hajakaribishwa kula. Kigoma wanazitumia siku nyingi, Zuberi anasema, hata mafundi wa viti vya basi. Mimi nimeingojea tangu Krismasi.

Nikawasha grupu, jenereta yetu. Nikachomeka mpira wa hewa, nikabonyeza pua ya mashine kwenye kipande cha mbao, nikavuta. Ta. Kabla sijafikiri pini ilikuwa imeshaingia. Nikapiga nyingine, nikapiga mstari mzima, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Papa, baba yangu, alikuwa kwenye benchi lake na kiti cha Pasta. Misumari mdomoni, kama kawaida. Ndivyo anavyofanya kazi tangu sijazaliwa — anatia vimisumari kinywani, ulimi unakigeuza kimoja kimoja mpaka kichwa kitangulie, nyundo ya sumaku inakichukua midomoni, inakipiga kwenye mbao. Mkono mmoja unavuta nguo, mwingine unapiga. Ulimi ndio mkono wa tatu, anasema. Au alikuwa anasema. Na mwenye misumari mdomoni haongei. Mimi na kaka yangu Darius tulikua tukisoma miguno yake. Unaopanda ni ndiyo. Wa mara mbili ni hapana. Mrefu ni nendeni mkacheze huko.

Leo nilimwonyesha mstari wangu wa pini. Aliguna. Haukupanda, haukushuka. Sikuuelewa.

Alhamisi, tarehe 6

Kazi ya kanisa imeanza. Sanduku la ampli, mashine ya kukuza sauti, na bafle mbili, spika za kwaya. Skai ya zamani, ngozi ya plastiki, imeliwa na unyevu na mende, pembe zote zimefunguka. Lazima ziwe tayari kwa yubile ya kwaya, Jumapili ya tarehe 16.

Nilipoibandua skai ya sanduku la ampli nilikuta chini yake turubai. Ile ya mahema ya kambini. Papa alilitengeneza sanduku hili Tanzania, kwa mbao za makreti, tukiwa wakimbizi, na kwaya ikarudi nalo kwa boti mpaka hapa Baraka. Nilikaa kidogo nikiishika ile turubai. Harufu yake bado ni ile ile, au mimi ndiye ninayeikumbuka. Nimeiacha hapo hapo na nitaifunika.

Hewa ikizidi, pini inaikata skai na kuzama. Ikipungua, pini inabaki imesimama, inangoja kushika nguo ya mtu. Nimeharibu kipande kizima kabla ya kupata kipimo. Gundi kwanza kwenye uso wa mbao, kisha unavuta, unakunja kwa ndani, pini zinakaa mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Vidole vyangu vinauma lakini ni maumivu mazuri.

Pasta Wilfried alipita kuangalia. Akafurahi. Akamgeukia Papa, akamwomba siku ya yubile asimame mbele aeleze sanduku hili lilivyozaliwa, maana vijana wa sasa hawajui. Papa aliguna mara mbili. Pasta akacheka: “Toa basi hiyo misumari, Papa Eugène, unijibu kama mutu.” Papa aliinama kwenye kiti akaendelea kugonga.

Hivyo sivyo alivyo. Papa huyu ambaye zamani tulimvuta koti ashuke mimbarani!

Jumamosi, tarehe 8

Nimekasirika na nitaandika nikiwa nimekasirika.

Nimempa agrafezi mkononi. Nimemwambia, Papa, kiti hiki kinakula siku nyingi, kwa mashine utakimaliza kabla jua halijakuwa kali. Hakuipokea. Alitia misumari mingine mdomoni huku ananitazama, kama mtoto anayejaza bugali mdomoni ili asiulizwe nani kavunja chungu. Jirani wote wameshaona. Mama wa pale kwenye duka la mafuta amesema mzee ana kisirani na mashine. Kwa nini nibishe? Na mimi naona hivyo hivyo.

Hata mezani amebadilika. Hataki pilipili. Samaki wetu, mukeke, anamchambua, anamwacha. Bugali anauloweka kwenye mchuzi mpaka unakuwa uji, anaumeza bila kutafuna. Nilimuuliza kama nimepika vibaya. Mguno.

Nikamwambia: “Papa, unaona haya kwa sababu binti amekupita mbio.” Nilisema kwa sauti, kompresa ikiwa imezimwa, kila mtu barabarani alisikia. Hakuguna hata. Aliondoka akaenda kukaa nje.

Sasa moyo unanichoma lakini sitaenda kuomba radhi leo. Kesho labda.

Jumatatu, tarehe 10

Sikuomba radhi jana. Tulienda kanisani, tukarudi, siku ikaisha.

Leo nimezivisha bafle kitambaa cha mbele. Kinapigwa nyuma ya fremu: katikati ya upande huu, kisha katikati ya upande wa pili, juu, chini, halafu ndipo unazifuata pembe. Ukianzia pembeni umekwisha, kitambaa kitalegea tumboni na muziki ukipigwa kitatetemeka. Hili nilifundishwa na Papa bila neno hata moja, kwa kuondoa mkono wangu na kuuweka panapofaa.

Alikuja akapitisha kidole kwenye pembe yangu. Aliguna, na safari hii ulipanda. Nilifurahi kama mtoto wa shule, na nikajichukia kwa kufurahi.

Lakini kuna jambo. Mchana nilitoka nje kumwaga maji ya kompresa — hapa ziwani hewa ina maji mengi, usipoyamwaga yanakula mashine kwa ndani. Papa alikuwa kwenye kigoda chake kivulini. Hana kiti mbele yake. Hana nyundo. Amekaa tu, anatazama barabara, na mashavu yamejaa misumari.

Mtu akampita, akamsalimia. Papa akamwonyesha mdomo wake kwa kidole, kama kusema, samahani, niko kazini.

Kazi gani?

Jumatano, tarehe 12

Damu kwenye kitambaa cheupe cha kiti cha Pasta. Tone moja, limepakwa likafifia. Nimemuuliza.

“Nimejichoma.”

Neno moja tu, na lilitoka kama la mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho Papa alinipa sentensi nzima. Pasaka? Si Pasaka. Sikumbuki. Naishi naye nyumba moja, nafanya naye kazi chumba kimoja, na sikumbuki.

Alhamisi, tarehe 13

Nilifunga mlango wa atelye, karakana yetu. Nilizima grupu. Nilimwekea mbele kifuniko cha kopo la gundi, nikasema, Papa, toa misumari yote hapa, na unifungulie mdomo.

Alitikisa kichwa. Nikasema sitoki. Akaguna ule mguno mrefu, wa kufukuza watoto. Nikasema mimi si mtoto, nina miaka ya kuzika watu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Aliitoa taratibu, mmoja mmoja, kwa vidole, anakunja uso. Kisha akafungua.

Upande wa kushoto wa ulimi, kwa chini. Kidonda. Kingo zake ni nyeupe na ngumu, katikati ni pekundu kama nyama. Si kidonda cha jana.

“Tangu lini?”

“Tangu mvua.”

Mvua zilianza mwezi wa kumi. Nilipiga hesabu nikaiacha katikati.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alijitahidi kujibu, na sasa kwa kuwa hana misumari nilisikia vizuri jinsi maneno yake yalivyopinda. Alisema: “Mutu akiwa na misumari mu kinywa, batu habamuulizi.” Na akaongeza kwamba nilipoileta mashine alishukuru Mungu, kwani nilidhani amenuna tu na sikutafuta sababu nyingine.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia ni mzee mjinga. Halafu nikalia begani pake, pananuka gundi na jasho, na yeye alikuwa ananipigapiga mgongo kama ni mimi niliye mgonjwa.

Nampenda na ningeweza kumpiga.

Ijumaa, tarehe 14

Zahanati. Immaculée, muuguzi, tulisoma naye kambini. Alitazama kwa tochi ya simu, akaacha kutania. Akatupeleka mwenyewe kwa daktari wa hospitali kubwa. Daktari alipapasa shingo ya Papa, chini ya taya, akakaa hapo muda mrefu. Akasema kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kiswahili: hakuna cha kungoja, apelekwe Bukavu, huko watakata kipande wapime, na yeye anafikiri watalazimika kukata zaidi ya kipande.

Kukata wapi, Papa aliuliza. Daktari akagusa ulimi wake mwenyewe.

Nilimuuliza Immaculée nje: ni misumari? Miaka yote ile ya vyuma mdomoni? Alisema hakuna anayeweza kuniambia, dada yangu, inaweza kuwa tumbaku yake ya zamani, inaweza kuwa jino lililovunjika, inaweza kuwa bure tu. Nilitaka iwe misumari. Ningekuwa na kitu cha kutupa ziwani.

Amempa maji ya chumvi ya kusukutua. Amemkataza misumari. Papa aliguna. Hata sasa anaguna.

Jumapili, tarehe 16

Yubile.

Bafle zilisimama mbele, nyeusi, zinang'aa, pembe zimekaa sawa. Hakuna pini hata moja inayoonekana. Kwaya ilipoanza, besi ilitoka safi, kitambaa hakikutetemeka. Watu walinigeukia wakatikisa vichwa kunisifu. Ilikuwa siku yangu na sikuisikia.

Papa alikaa nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwambia Pasta kwa kifupi kwamba Papa hajisikii vizuri. Kwa kifupi mno. Alidhani ni malaria. Katikati ya ibada akaita: Papa Eugène, hata kama ni neno moja. Watu wakapiga makofi. Nikainuka nimzuie.

Lakini alikuwa ameshaanza kutembea.

Alichukua mikro. Akasema: “Hii sanduku.” Akanyamaza. “Hii sanduku nilifunika na turubai ya hema.” Ampli ilikuwa na nguvu, na kila neno lililopinda lilikwenda mpaka ukuta wa nyuma na kurudi likiwa limepinda vile vile. Vijana wa upande wa kwaya walianza kucheka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee ameonja pombe ya kindingi asubuhi hii. Mimi nilisikia. Na mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo, mekundu kidogo, na hakuwa na habari.

Nilitaka kwenda kumfunika. Kumfunika kwa kitu chochote.

Aliendelea. Alisema walioimba kwanza kwa sanduku hili wengi wamelala kule ng'ambo, na kwamba turubai yao bado iko ndani, mimi Anastasie sikuitoa. Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. Akasema aksanti. Akarudisha mikro kwenye stendi yake, akaiweka vizuri, asiiangushe.

Pasta Wilfried alikuja kwetu baada ya ibada. Hakuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, “Anastasie, wewe ungeniambia.” Kweli. Lakini ningemtajia jina gani la ugonjwa? Hata mimi mwenyewe sijalitaja.

Jumanne, tarehe 18

Sasa mji mzima unajua, na Papa hana tena sababu ya kujificha. Amesema haendi Bukavu. Wakimkata ulimi atakuwa nini? Fundi gani? Nimemwambia ulimi si kwa misumari tu. Amesema, najua, ndiyo maana.

Niliinuka nikaenda kumwaga maji ya kompresa.

Baadaye aliniita kwa mkono. Kiti cha Pasta kilikuwa kimebaki mgongo tu. Alionyesha agrafezi.

Nilimfundisha mimi. Bonyeza pua kwanza, ishike nguo, ndipo uvute. Pini ya kwanza alishtuka, mkono ukaruka, ikaingia hewani ikagonga bati. Akacheka, kweli alicheka, akashika shavu kwa maumivu. Ya pili ikakaa. Baada ya hapo akaenda vizuri kuliko mimi, kwa sababu mkono wake wa kuvuta nguo una akili ambayo wangu haujapata.

Nilikuwa namtazama shavu. Kila pini ilipotoka, shavu lilicheza. Ulimi wake ulikuwa bado unatafuta msumari wa kuupa mkono.

Amekimaliza kiti. Ameketi juu yake, ameegemea, amefumba macho. Akasema: “Kama ni boti ya Zuberi, sawa. Ya wengine hapana.”

Ndiyo hiyo. Amekubali kwenda Bukavu!

Jumanne, tarehe 25

Boti ya Zuberi inakwenda Uvira Alhamisi. Huko tutapanda gari la Bukavu.

Darius kaka yangu ameingia leo kutoka Ubwari, ana harufu ya dagaa na ya siku nyingi bila usingizi. Aliingia, akamtazama Papa, akatoka nje, akarudi na uso umeoshwa.

Wakati wa chakula akalileta jambo. Kwetu mzazi akiondoka kwenda mbali, au mtoto akiondoka, mzazi anawaita watoto. Anasema neno lake juu yao, anatema mate kidogo kwenye kiganja chao cha kuume, na mtoto anakifunga. Babu alimfanyia Papa tulipokimbia. Papa alimfanyia Darius alipokwenda kuoa Ubwari. Mimi sijawahi kuondoka bila yeye, kwa hiyo sijawahi kupewa.

Papa akakataa. Moja kwa moja.

“Mate yangu iko na damu. Sitabatemea batoto bangu damu.”

Darius akasema bila neno la baba hatavuta wavu tena kwa amani. Akauliza, baada ya Bukavu neno litatoka wapi? Papa akapiga meza kwa kiganja. Si kwa hasira ya kweli. Kwa hofu. Hatukuwahi kumwona Papa na hofu na hatukujua tuangalie wapi.

Nilikwenda kwa Immaculée kumuuliza, naona aibu kuuliza swali kama hilo. Hakucheka. Ugonjwa huu hauambukizi kwa mate, amesema, lakini palipo na damu nawa mikono kwa sabuni mara moja, usingoje. Nimerudi nikamweleza Papa neno kwa neno. Ameguna mara mbili.

Basi.

Jumatano, tarehe 26

Tumefunga mizigo. Blanketi, sufuria, sukari, mashati yake mawili mazuri. Nimemwaga maji ya kompresa, nimeipaka agrafezi mafuta, nimeifunika. Sijui nitaifungua lini.

Darius hasemi na Papa. Papa hawezi kusema na Darius. Mimi niko katikati napika uji.

Alhamisi, tarehe 27, bandarini

Asubuhi. Boti imechelewa, wanapakia mihogo. Papa amekaa juu ya begi letu, Darius amesimama mbali, mgongo umegeuka, anajifanya anatazama kamba za boti. Nimewaona wanaume wawili wajinga maishani mwangu na wote ni wa kwangu.

Zuberi akapita akasema jitayarisheni. Papa akainuka. Nikadhani anakwenda botini. Alikwenda majini, mpaka magotini na viatu vyake vyote, akachota maji ya ziwa kwa mkono, akasukutua, akatema. Akachota tena. Akatema tena, akainama kutazama alichotema. Alifanya hivyo mara nyingi, watu wakaanza kumtazama. Kila mara anatazama majini, kila mara anachota upya.

Halafu akaacha. Mate hayakuwa yametakata, niliona kutoka nilipokuwa.

Akarudi amelowa. Akasema: “Darius. Anastasie. Mukuje.”

Darius alikuja mbio kama ana miaka saba. Tulipiga magoti kwenye mchanga katikati ya mihogo na mabidoni ya mafuta ya watu. Alizungumza Kibembe. Ilichukua muda, neno moja moja, mengine aliyarudia mpaka yakatoka sawa, na hatukumsaidia hata moja. Sitayaandika hapa. Alikuwa analia, alikuwa ananuka dawa na ziwa. Kiganja cha Darius kwanza. Kisha changu.

Sasa wanapanda. Papa yuko ndani tayari, Zuberi amempa mahali pakavu karibu na injini. Darius anapitisha mizigo. Ananipigia kelele nije, naandika nini wakati huu. Sabuni iko ndani ya begi, juu kabisa, Immaculée aliiweka mwenyewe.

Herufi zimelala leo kwa sababu naandika kwa kushoto. Mkono wa kuume bado nimeufunga.